Viatu Havikuvuliwa

Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, imepita, na hotuba mmezisikia. Mahema yalipigwa viwanjani, watu wakapanga foleni, vidole vya mikono vikatobolewa, sukari ikasomwa. Hilo ni jema. Kinachotutia wasiwasi sisi ni kilichokuwa chini ya meza: viatu havikuvuliwa.

Mguu wa mwenye kisukari unaweza kufa ganzi. Jiwe litashinda ndani ya kiatu kutwa nzima, mwenyewe asihisi. Mguu usiohisi sharti utazamwe, na pa kuanzia ni kwenye kucha. Lakini nenda kliniki: utapimwa uzito, utapimwa presha, utaandikiwa dawa, utaaga. Viatu havikuvuliwa.

Anayeziona kucha zetu ni kijana wa kupaka rangi, yule apitaye mitaani akigonganisha vichupa vyake. Anaketi barazani, anaupakata mguu wa mama, anaona kucha ya kidole gumba imekuwa njano, nene, inamumunyuka kama chaki. Mara nyingi huo ni ukungu. Kijana anaipiga tupa, anaipaka nyekundu, kisha anahamia kwa jirani na tupa ileile. Ukungu nao unaweza kuhama naye. Hatumlaumu sana, yeye angalau aliuona mguu.

Kucha ya kijani? Bakteria wamepata unyevu, hasa kwa anayeshinda ndani ya buti za mpira. Kucha nyeusi baada ya kujikwaa? Damu imevilia, doa litasogea mbele kadiri kucha inavyoota, na ya kidole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya.

Sisi watu weusi, mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa si ajabu. Lakini mstari mmoja, kidole kimoja, unaozidi kupanuka na kumwagia weusi ngozi ya pembeni, huo si wa kusubiriwa. Kidole cha Bob Marley kilidhaniwa kimeumizwa na mpira; mwaka 1977 ikabainika ni saratani ya ngozi chini ya kucha. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, ana miaka 36. Saratani hiyo, ikimpata mtu mweusi, hupenda kujificha nyayoni na chini ya kucha. Palepale ambapo viatu havivuliwi.

Wakubwa wa afya, mashine za sukari mmenunua, ahsanteni. Kuvua soksi hakuhitaji bajeti wala mfadhili. Kunahitaji muuguzi mmoja aseme, "Mzee, naomba nione miguu."

Na asiposema? Vua mwenyewe! Uweke mguu mbele yake, uulize. Usione haya kwa harufu wala kwa nyufa. Daktari hakusomea manukato. Mama, futa rangi kabla ya kwenda kliniki, kucha ionekane ilivyo. Kijana wa vichupa, safisha tupa yako, na ukiona kucha imegeuka, usiifunike: sema! Nawe mjukuu, babu hawezi kuinama, na macho yake hayafiki huko chini. Leo usiku, kabla hajalala, mletee taa na beseni la maji. Mvue viatu, kidole kwa kidole, utazame.