Jasho la Usiku Si Malaria Kila Mara

Mama msikilizaji, umeamka saa nane usiku, kanga imelowa chapachapa, na feni inazunguka. Kukipambazuka unakimbilia duka la dawa kununua dawa ya malaria. Ngoja, pima kwanza. Kama malaria haionekani na umri wako ni kati ya miaka 45 na 55, huenda hedhi imeanza kukuaga.

Ovari zinapunguza homoni ya estrojeni, tena bila mpangilio: mwezi huu damu inakuja mara mbili, kisha miezi mitatu kimya. Joto linapanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, usingizi unakatika, hasira ziko karibu, uke unakauka. Hali hiyo huweza kuchukua miaka kadhaa, na mimba bado inaweza kuingia, kwa hiyo usiache uzazi wa mpango kwa kubahatisha. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu.

Na wewe baba unayesikiliza, mkeo hajakuchoka, wala hajarogwa.

Mwende kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa hedhi imekoma kabla ya miaka 40, au ikiwa damu, hata tone, imerudi baada ya ule mwaka mzima.