Bei ya kuchaji gari, na sisi wa Griftu

Msikilizaji, bei ya kuchaji gari la umeme Nairobi yakuhusu nini wewe uliye hapa Griftu, Wajir? Sikiliza. Aprili 2023, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari hayo: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Watetezi wa bei hiyo wanasema umeme wa usiku hukosa wateja, na mafuta tunayaagiza nje. Hoja nzito.

Lakini tugeukie huku kwetu. Kwa miaka mingi Wajir imewashiwa taa na jenereta za dizeli, ilhali jirani yetu Garissa ana mtambo wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa 2019, unaolisha gridi ya taifa. Naona uchungu. Je, nafuu hiyo ya umeme itavuka Garissa lini, ifike hapa?