Mikono Mingi na Pori la Wachache

Msikilizaji, katika mkutano mkuu wa kijiji kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Ni kinga nzuri dhidi ya viongozi wanaouza mashamba kwa siri. Lakini huku kwetu Meatu, kuanzia Bukundi kuelekea Ziwa Eyasi, Wasukuma na Wataturu wenye mifugo na mashamba wanaishi jirani na Wahadzabe, ambao kwa nchi nzima hukadiriwa kuwa elfu moja na ushee. Suala la kufyeka pori likiamuliwa kwa kunyoosha mikono, Wahadzabe wameshashindwa kabla kikao hakijafunguliwa.

Pori hilo ndilo ghala lao. Wanawake huchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa ncha; mibuyu huwapa ubuyu na asali. Likishalimwa pamba, hakuna kura ya mwakani itakayolirudisha. Kura inafaa pale ambapo aliyeshindwa leo anaweza kurudi kesho kuwashawishi wenzake. Haifai kuamua kama jamii fulani iendelee kuwapo. Wala kuiwekea kauli ya wengi mpaka si jambo geni kwetu: kifungu cha 20 cha Sheria hiyohiyo ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima ardhi mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu, hata kijiji kizima kikiishangilia. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja, ikapendekeza vyama vingi. Waliopenda chama chao hawakunyang'anywa.

Mfugaji atauliza: ng'ombe wangu wanakufa kwa ukame, watu wachache waachiweje eneo lote lile? Swali lake ni la haki, maana kiangazi cha huku kinaua kweli. Ila hata Wahadzabe wakipewa hati ya pori lao, wengi wanabaki na uamuzi juu ya josho, lambo, shule na njia za mifugo, na malisho ya kiangazi yanazungumzika na mwenye hati. Kinachozuiwa ni kumhamisha bila ridhaa yake. Upande wa Mbulu, mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja. Halmashauri za vijiji vya Meatu, popote ambapo maeneo ya Wahadzabe hayajapimwa, zipeleke pendekezo la hati kama hiyo kwenye mkutano mkuu ujao, na nyinyi mlio wengi mnyooshe mikono kuliridhia.