Likizo Si Hisani ya Bwana

(Hotuba ya Katibu wa Tawi kwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, Tanga)

 

Nimeitwa kusema juu ya likizo, ile ambayo wazee waliiita livu. Wazee wametusimulia habari za kipande cha siku za ukoloni. Kilikuwa kadi ya vyumba 30. Mtu akimaliza kazi aliyopimiwa, chumba kimoja kinatiwa alama. Asipomaliza, siku ile imekufa. Vyumba vikijaa ndipo alipwe. Mtu wa namna hiyo angeomba livu kwa nani? Lakini Bwana D.C., kila baada ya miaka miwili au mitatu, alipanda meli akaenda kwao Ulaya kupumzika miezi mizima, na mshahara ukimfuata. Basi mtu asituambie kwamba kutaka kupumzika ni uvivu wa Mwafrika!

Hata huko Geneva mtu wa shamba aliwekwa nyuma. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa likizo yenye malipo, siku 6 za kazi kwa mwaka, kwa watu wa viwanda na biashara. Wa mashamba walingoja mkataba wao mpaka 1952.

Leo, katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kila mwaka, na mshahara wake alipwe kabla hajaondoka. Sikukuu zikiangukia humo zimo katika hizo 28. Tusidai kisichokuwa chetu. Lakini siku ulizougua hazimo, wala za uzazi. Anayekwambia, “Ulikuwa mgonjwa, likizo yako imekwisha,” anakudanganya.

Sasa nije kwenye hila yenyewe. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana likizo hii. Basi yuko mwajiri anayehesabu kwa vidole. Mwezi wa tano ukiisha, “Kibarua kimekwisha, nenda nyumbani.” Baada ya majuma mawili anamwita yule yule, kwa panga lile lile, na kumwandika kama mgeni. Ndugu zangu, sheria imekwisha kumwona. Ukiajiriwa na mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, miezi ikajumlishwa ikapita 6, likizo unayo. Na mtu wa kazi ya msimu anayo.

Mwajiri ana haki ya kupanga tarehe, ila si kuahirisha mpaka kiyama. Na mwajiri mwenye kadi ya chama asidhani namsahau. Huyo ndiye wa kwanza nitakayemwendea.

Jumamosi alasiri ofisi ya tawi itakuwa wazi. Mwenye barua ya kazi aje nayo. Mwenye karatasi za malipo azilete zote, hata zilizochakaa. Asiye na karatasi aje na wenzake waliofanya naye kazi. Tutaanza na wale wa miezi mitano mitano.