Kombolela, Dawati na Urafiki: Watoto wa Miaka 7 hadi 12 katika Shule za Kilosa na Mikumi



Ukitaka kujua mtoto wa darasa la nne anawaelewaje wenzake, usimwite ofisini. Mtazame akicheza kombolela. Waliojificha hubadilishana mashati, kisha mmoja anachomoza bega nyuma ya mwembe ili anayetafuta ataje jina la mwenye shati. Akikosea, kazi inaanza upya. Mtoto aliyechomoza bega ameshapiga hesabu mwenzake anajua nini, ataamini nini na atanasa wapi. Mdogo wake wa darasa la kwanza huficha kichwa, miguu nje, na anaridhika kabisa.

Urafiki nao hukua hivyohivyo. Kwa wa miaka 7, rafiki ni aliyemgawia embe leo. Akifika 11, rafiki ni anayemtunzia siri, na ndiyo maana kununiana kwa umri huo huuma na huchukua wiki. Jean Piaget, aliyewachunguza watoto wa Uswisi wakicheza gololi na kuandika kitabu mwaka 1932, aliona kwamba heshima ya kweli kwa kanuni hujengwa na watoto wenyewe wakikubaliana na kubishana, kuliko kwa amri za wakubwa. Sisi walimu tunawahi mno kuwaingilia na filimbi.

Lakini Kilosa si Uswisi. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Watoto tunaowafundisha leo hawakuwa wamezaliwa, ila habari wameikuta nyumbani, na maneno yake pia. Mtoto wa mfugaji na wa mkulima wanaweza kucheza rede pamoja asubuhi nzima. Siku ng'ombe wakiingia shambani, kesho yake mmoja anaambiwa "nyie watu". Neno hilo ni la jikoni kwa wazazi. Mtoto wa miaka 9 ana akili ya kutosha kulibeba, hajapata bado ya kulipima.

Mikumi shida ni nyingine. Mji uko kwenye barabara kuu iendayo Zambia, wazazi huhamahama na kazi, na mtoto hujikuta mgeni katikati ya muhula. Mwenzake mmoja tu wa kumkaribisha kwenye mchezo humtosha kuanza.

Napendekeza mambo mawili. Mapumziko yasigeuzwe adhabu. Anayezuiwa kutoka nje kwa sababu ya hesabu anakosa somo jingine. Pili, ugomvi wa gololi tuwaachie wenyewe, ila mtoto akitengwa kwa kabila lake au kazi ya baba yake, mwalimu aingie siku hiyohiyo, asisubiri kikao cha wazazi.

Kwenye makundi ya majadiliano naomba tuanze na dawati: nani anapanga nani akae na nani, na mara ya mwisho tulibadilisha lini?