Raundi ya Tano
Maneno ya mwanachama mmoja siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Mama Mwenyekiti amenipa dakika kumi nizungumze juu ya zile mbio za mwaka 2018, kwa sababu wapo wanachama wapya wanaouliza Mfuko wa Watoto ulitoka wapi. Nimekubali, ingawa si jambo jepesi kwangu. Zile mbio zilikuwa za mwanangu.

Alikuwa na miaka saba alipoanza kuvimba shavu. Mimi nikasema ni jino. Likang'olewa, na uvimbe ukazidi. Nikampaka dawa za majani. Mtanisamehe akina mama, siwezi kumlaumu mtu, mimi ndiye niliyechelewa. Tulipofika hospitali ya mkoa, daktari akasema hii ni saratani ya taya, nendeni Muhimbili upesi. Ugonjwa huu si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt aliueleza kitaalamu mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Unakua haraka mno, lakini ukiwahiwa unatibika kwa dawa.

Dawa za saratani pale Muhimbili hatukulipia. Kilichotushinda ni njia. Dawa inatiwa kwa awamu, mtoto anapumzika, mnarudi tena, miezi na miezi. Kutoka hapa Muheza mpaka Dar es Salaam ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na chakula, na huku nyumbani biashara ya machungwa imelala. Wodini niliona mama akifunga mzigo wake kabla mtoto hajamaliza dawa, kwa kukosa nauli tu. Nikajua zamu yangu inakuja.

Niliporudi nikaomba mkopo wa tatu. Sheria yetu hairuhusu. Mama Katibu akaniambia, "Mwenzetu, mkopo hatuwezi, ila hatukuachi." Binti yake, aliyekuwa sekondari, ndiye aliyetusimulia habari za Terry Fox.

Huyu alikuwa kijana wa Kanada. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Hospitalini aliwaona wagonjwa wenzake, wengine watoto wadogo, na hakuweza kuwasahau. Tarehe 12 Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku. Hakuomba matajiri wachache watoe mamilioni. Aliomba dola moja kwa kila Mkanada, nao walikuwa kama milioni 24. Njiani alikutana na mtoto wa miaka kumi, naye amekatwa mguu kwa saratani ile ile, akamfuata nyuma kwa baiskeli. Kwa Terry ile ilikuwa siku iliyompa moyo kuliko zote.

Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani ilikuwa imeingia mapafuni, akasimama. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, ana miaka 22. Lakini kabla hajafa, mwezi wa Februari mwaka huo, zile dola milioni 24 zilikuwa zimetimia.

Tuliposikia dola moja kwa kila mtu, tukatazamana. Hiyo si ndiyo hisa yetu ya kila wiki?

Basi tukapanga. Mwalimu wa michezo akapima uwanja wa shule kwa kamba, raundi moja mita 400. Tulikuwa wanachama 21. Kila mmoja raundi tano, jumla raundi 105, kilomita 42. Yaani sote pamoja tukimbie siku moja tu ya Terry Fox. Kila mama akatafuta watu wa kumwahidi chochote kwa kila raundi, kuanzia shilingi mia tano. Mweka hazina akaandika kila ahadi kwenye kitabu.

Mlikuwepo wengi, mnakumbuka. Wengine raba, wengine ndala, wengine miguu mitupu, khanga zimefungwa kiunoni. Vijana wa bodaboda walikuja kutucheka, wakaishia kuahidi fedha. Mwanangu alikaa kwenye kiti chini ya mwembe, nywele zimekwisha kwa dawa, na kokoto mfukoni. Kila mtu akipita anaweka kokoto moja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipofika nikajitupa chini nikasema nimemaliza. Akahesabu kokoto zangu, akasema, "Mama, nne. Bado moja." Watu wakacheka, wakasema msamehe mama yako. Akakataa. "Watu wamelipia tano."

Nikainuka nikaikimbia.

Siku ile tulipata shilingi 1,386,500. Kwa fedha hizo mwanangu hakukosa safari hata moja, alimaliza awamu zote. Lakini ugonjwa ulirudi, na mwaka 2019 tukamzika.

Msibani mtu mmoja aliniuliza, sasa zile mbio zenu zilisaidia nini? Sikuwa na jibu.

Zilikuwa zimebaki shilingi 412,000, na mimi nadaiwa na kikundi. Wenzangu kwa huruma wakasema zikate deni langu. Nasema kweli, nilizihitaji. Lakini nikakumbuka kokoto. Aliyetoa mia tano kwa raundi alimtolea mtoto mgonjwa, hakutoa kulipa deni langu. Nikaomba zibaki kwenye sanduku, zile funguo tatu zizifungie, na mimi nilipe deni taratibu. Nililimaliza baada ya miezi kumi na minne, na faini juu.

Ndipo ukaanza Mfuko wa Watoto. Mwaka 2021 jirani yetu aliona weupe ndani ya jicho la binti yake. Hakungoja. Alikuja Jumanne, Alhamisi alikuwa kwenye basi, nauli imetoka kwenye mfuko. Jicho moja halikuokolewa, lakini mtoto aliokolewa. Leo yupo hapa, yule pale mwenye sare mpya, ameshiba pilau.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mtu, ingawa nimechelewa kulitoa.

Wanachama wapya, nawaomba mambo mawili. Mtoto akivimba taya au tumbo, au ukiona weupe kwenye mboni, usikae kujaribu majani kama nilivyofanya mimi. Nenda hospitali, na njoo utuambie. La pili, ile mia tano ya Mfuko wa Watoto kila wiki msiione ndogo wala msiirukie. Mbio za siku moja zinaanzisha safari. Kinachomfikisha mtoto mwisho wa dawa ni wiki baada ya wiki. Huko Kanada watu wamekimbia kila mwaka tangu 1981 kuendeleza kazi aliyoiacha Terry. Na sisi tumeachiwa raundi zetu.