Tuijaribu Hifadhi ya Taarifa Kabla ya Kuiamini



Kompyuta ikizimika, sote tunaona. Hatari kubwa zaidi ni mfumo wa faili unaobadilisha tarakimu moja ya namba ya kiwanja bila kutoa onyo. Mwenye kiwanja atagundua siku ya shauri lake.

Kasoro kama hizo hazijitokezi kwa kufungua faili mara moja. Ndiyo maana ipo programu iitwayo fsx, iliyoandikwa na Avadis Tevanian na kuboreshwa na Conrad Minshall kati ya 1998 na 2001. Programu hiyo huandika, husoma, hukata na kurefusha faili moja kwa mpangilio wa kubahatisha, maelfu ya mara, huku ikitunza pembeni nakala sahihi. Kila inaposoma, hulinganisha. Baiti moja ikitofautiana, husimama na kuorodhesha hatua zilizotangulia, ili fundi azirudie hadi aifikie kasoro.

Nawasihi: seva mpya isipokee taarifa za mwananchi kabla ya kujaribiwa hivyo, kwenye diski tupu. Nakala rudufu ya faili lililoharibika ni uharibifu ule ule, mara mbili.